Sentimita nne za Helsinki: maisha ya Dkt. Meredith Gourdine

Mwezi uliopita alifika ofisini petu mzazi mmoja akiwa amemshika mkono mwanawe wa kidato cha pili. Kijana ana mbio. Mwalimu wa michezo anamtaka awe kiwanjani kila jioni, mwalimu wa hisabati analalamika kwamba daftari lake ni jeupe, na baba amefika mahali pa kusema kwamba moja kati ya mawili hayo lazima lizikwe. Alitaka ukurasa huu wa familia umsaidie kuamua lipi. Hatukumpa jibu siku ile, maana suala la mtoto wa mtu si jambo la kutolea fatwa mezani kwa dakika tano. Tulimwahidi kwamba tutamwandikia habari za mtu ambaye aliwahi kusimama mahali aliposimama mwanawe, tena katika nchi na zama zilizokuwa ngumu zaidi kwa mtu wa rangi yake. Mtu huyo ni Dkt. Meredith Charles Gourdine.

Alizaliwa tarehe 26 Septemba 1929 katika mji wa Newark, jimbo la New Jersey, nchini Marekani, na akakulia Brooklyn, mjini New York. Mwezi mmoja tu baada ya kuzaliwa kwake masoko ya hisa ya New York yaliporomoka, na utoto wake wote ukapita katika miaka ya dhiki iliyofuata. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mikono: alipaka rangi nyumba na kufanya usafi wa majengo. Kwa Mmarekani Mweusi wa zama zile hiyo ilikuwa riziki ya kawaida, na wengi hata hiyo hawakuipata. Majimbo ya kusini yalitenganisha shule kwa sheria. New York haikuwa na sheria ya namna hiyo, lakini milango ya kazi za kitaalamu ilifunguka kwa shida mno mbele ya uso mweusi.

Kijana Meredith alisoma Brooklyn Technical High School, shule ya serikali ambayo hadi leo huingiwa kwa mtihani wa ushindani na ambayo msingi wake ni hisabati, sayansi na ufundi. Baada ya masomo alimfuata baba yake kazini, na saa walizofanya kazi pamoja hazikuwa za kuzugia. Zilikuwa saa za mtu mzima. Gourdine mwenyewe alieleza baadaye kwamba baba yake alimwambia neno moja ambalo lilimwingia: kama hataki kuwa kibarua maisha yake yote, basi asiache shule.

Hapa tunaomba ruhusa ya msomaji tuseme la kwetu. Maneno kama hayo husemwa katika nyumba nyingi, na mara nyingi husemwa vibaya, kwa namna ya kuidharau kazi inayoilisha nyumba. Hatudhani kwamba yule mzee alikusudia hivyo. Hakumwondoa mwanawe kwenye ndoo za rangi ili ajifungie na vitabu; alimpa vyote viwili kwa pamoja. Ukifuata maisha ya Gourdine utaona kwamba stahamala aliyokuwa nayo maabara, ya kurudia jaribio lile lile mpaka likubali, inafanana sana na ya mtu aliyewahi kupaka ukuta mara tatu.

Katika mwaka wake wa mwisho pale shuleni ndipo michezo ilipomkamata. Alikuwa mwepesi wa mbio, lakini majini alikuwa hodari zaidi, hata Chuo Kikuu cha Michigan kikampa nafasi ya kusoma kwa ufadhili wa kuogelea. Fikiria, ndugu msomaji, mtoto wa mpaka rangi anaambiwa karo yote italipwa mradi aogelee. Aliikataa. Alichagua Chuo Kikuu cha Cornell, kilichoko Ithaca katika jimbo la New York, ambako alitaka kusoma fizikia ya uhandisi. Miaka miwili ya mwanzo alijilipia mwenyewe kwa jasho lake. Ufadhili ulikuja baada ya hapo, alipokwisha kuonyesha uwezo wake uwanjani.

Mzazi aliyetutembelea anaweza kuuliza: je, kwa kukataa kulipiwa, hakuwa amefanya ujinga? Sisi tunaona kwamba alikuwa amekwisha kujua mwogeleaji hulipwa kwa muda gani na mhandisi hulipwa kwa muda gani. Lakini michezo nayo hakuizika. Pale Cornell alikimbia mbio fupi, aliruka viunzi, na zaidi ya yote alijitokeza katika mchezo ambao shuleni kwetu tunauita kuruka chini. Wenzake walimpa jina la utani la Flash, yaani kimulimuli cha radi.

Mchezo huo ulikuwa na historia yake miongoni mwa Wamarekani Weusi. Mwaka 1924 mjini Paris, William DeHart Hubbard alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Olimpiki, na aliipata kwa kuruka chini. Mwaka 1936 mjini Berlin Jesse Owens aliruka mita 8.06 na kutwaa dhahabu mbele ya watawala waliohubiri kwamba watu wa rangi yake ni viumbe duni. Kwa hiyo Gourdine alipovaa fulana ya nchi yake kwenda Helsinki, Finland, katika Olimpiki ya mwaka 1952, hakwenda kama mgeni wa mchezo huo. Alikuwa na umri wa miaka 22, na bado alikuwa mwanafunzi.

Fainali ilikuwa tarehe 21 Julai. Marekani ilileta warukaji watatu, na aliyetarajiwa na wengi kushinda hakuwa Gourdine bali mwenzake George Brown. Lakini kuruka chini ni mchezo wenye hila: mrukaji hukimbia kwa kasi yake yote na hutakiwa kukanyaga ubao mwembamba pasipo kuuvuka hata kwa ncha ya kiatu. Brown akauvuka, akauvuka tena, akauvuka mara ya tatu, na matumaini yake yakaishia hapo. Mashindano yakabaki mikononi mwa wawili, Gourdine na Jerome Biffle, naye Mmarekani Mweusi. Gourdine aliruka mita 7.53. Biffle akaruka mita 7.57.

Sentimita nne. Ziweke kwenye kiganja chako uone: ni upana wa vidole viwili, au zaidi kidogo. Aliyeshika nafasi ya tatu, Ödön Földessy wa Hungary, aliachwa nyuma yao kwa zaidi ya sentimita ishirini. Wawili hao walikuwa peke yao mbele, na kilichowatenganisha ni kitu ambacho mtu angeweza kukipata au kukipoteza kwa namna tu ya kuangusha visigino mchangani. Gourdine alirudi na medali ya fedha, na fedha ya Olimpiki si kitu cha kudharauliwa. Hata hivyo miaka mingi baadaye, akiwa mwanasayansi mashuhuri, alikiri kwamba angependelea kushindwa kwa futi nzima kuliko kwa kipande kile, na kwamba jambo lile lilikuwa bado likimjia usingizini. Tunalitaja hili kwa sababu tumechoka na makala za watu wakubwa ambamo hakuna aliyewahi kuumia. Huyu aliumia, na hakulificha hilo.

Mwaka uliofuata, 1953, alihitimu shahada yake ya kwanza. Akatumikia Jeshi la Majini kama ofisa, kisha akaenda upande wa pili wa nchi, katika Taasisi ya Teknolojia ya California, ambako alisoma kwa ufadhili wa Guggenheim na kupata shahada ya uzamivu katika sayansi ya uhandisi mwaka 1960. Wakati akiandaa tasnifu yake alifanya utafiti katika Jet Propulsion Laboratory, maabara iliyounda chombo cha kwanza cha Marekani kuizunguka dunia. Baada ya hapo alipita katika kampuni mbili, Plasmadyne na Curtiss-Wright, akiwa na vyeo vya juu vya utafiti.

Sasa tufike kwenye elimu yenyewe, maana mtu husifiwa kwa kazi yake na kazi hii yafaa kueleweka.

Mtoto yeyote anaweza kuanza hivi: chukua kitana cha plastiki, kipitishe mara kadhaa kwenye nywele kavu, kisha kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Karatasi zitaruka na kukiganda kitana. Kinachozivuta ni chaji ya umeme iliyojikusanya juu ya plastiki. Chaji za aina moja husukumana, na za aina tofauti huvutana. Wenye umri wetu watakumbuka pia kioo cha televisheni za zamani, jinsi kilivyokuwa kikikusanya vumbi hata mama afute mara ngapi. Sababu ni hiyo hiyo.

Gourdine alishughulika na swali lifuatalo. Ikiwa gesi inayokwenda kwa kasi imebeba chembe ndogo, kama za moshi au vumbi au ukungu, na chembe hizo zikapewa chaji, je, mwendo wa gesi hauwezi kugeuzwa umeme? Chembe zenye chaji ya aina moja hazitaki kukusanyika mahali pamoja. Kadiri zinavyorundikana ndivyo zinavyozidi kuwasukuma wageni. Lakini upepo wa gesi unazisukuma kwa nguvu kuelekea huko huko zisikotaka, kama vijana wanavyosukuma mkokoteni wa magunia kupanda mlima. Nguvu ya upepo inayotumika katika kusukuma haipotei. Inageuka kuwa umeme wenye volti nyingi sana mwisho wa njia, ambapo elektrodi huzipokea zile chaji. Hakuna gurudumu linalozunguka, wala mhimili, wala sumaku kubwa. Elimu hiyo huitwa elektrogasidainamiki.

Kanuni ya msingi ilijulikana kwa wanasayansi tangu zamani, na Gourdine hakudai kuigundua. Alichokifanya ni kuitoa katika hali ya mchezo wa darasani na kuitengenezea mitambo iliyofanya kazi. Kwa ajili hiyo mwaka 1964 alichukua hatua ambayo mtu mwenye mshahara mzuri na familia hufikiria mara mbili. Aliacha ajira, akakopa kwa jamaa na marafiki kiasi cha dola 200,000, na kufungua maabara yake mwenyewe huko Livingston, New Jersey. Mwaka ambao Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Haki za Raia, mtoto wa mpaka rangi alikuwa mwajiri wa wanasayansi. Maabara ile ilikua ikafikia wafanyakazi zaidi ya 150.

Ndoto yake kubwa ilikuwa makaa ya mawe. Alitaka yachomwe pale pale yanapochimbwa, na ile gesi moto yenye chembe ndani yake izalishe umeme moja kwa moja, bila ya kuchemsha maji wala kuzungusha mitambo mizito. Serikali ya Marekani iliona jambo hilo lina maana na ikachangia fedha za utafiti. Lakini hapa inatupasa kusema kweli. Mfumo huo hutoa volti nyingi, lakini mkondo wenyewe wa umeme ni mdogo, na volti zikipanda mno cheche huruka zikavuja ndani ya mtambo. Hakuna mji leo unaowashwa taa kwa njia hiyo. Baadhi ya wanaoandika habari za wavumbuzi Weusi huliruka jambo hili, au hulipamba, wakidhani wanampa mtu heshima. Kwa maoni yetu heshima yake haihitaji msaada wa chumvi.

Maana elimu ile ile, ilipogeuzwa upande, ilifanya kazi vizuri sana. Badala ya kutaka umeme kutoka kwenye moshi, unaweza kuupa moshi umeme ili uondoke. Mtambo wake uitwao Incineraid ulikusudiwa kwa majengo yaliyojaa moshi: chembe za moshi hewani hupewa chaji, nazo huvutwa chini mpaka zitue, na hewa ikabaki safi. Anayeijua nyumba iliyoungua anajua kwamba mara nyingi moshi humtangulia mwenye nyumba kabla ya moto kumfikia. Kwa kanuni hiyo hiyo alibuni pia njia ya kuondoa ukungu katika viwanja vya ndege, aliyopewa hataza mwaka 1987. Matone madogo ya ukungu yanayoelea juu ya njia ya kurukia hupewa chaji, kisha huanguka, na rubani huiona ardhi. Hataza ni ile haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi ili kazi yake isiibwe. Gourdine alipata zaidi ya 30.

Alihamia Houston, Texas, na huko akaanzisha kampuni nyingine, Energy Innovations, iliyojishughulisha na kubadili nishati kutoka hali moja kwenda nyingine. Na katika miaka hiyo ya kazi ndipo ulipomjia mtihani mkubwa kuliko sentimita nne. Alikuwa na kisukari, na kisukari kikamchukua macho.

Tusimame hapa kidogo, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia na ugonjwa huu umo katika nyumba zetu nyingi. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka huharibu mishipa midogo sana, na mishipa midogo ya namna hiyo imo ndani ya jicho, katika retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mishipa huvimba na kuvuja. Baadaye mipya dhaifu huota na kupasuka, na damu humwagika ndani ya jicho. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni mgonjwa hasikii maumivu na anaona vizuri kabisa. Anapoanza kuona giza, sehemu kubwa ya uharibifu huwa imekwisha kutokea na hairudi. Tiba ya miale ya leza ilithibitishwa na utafiti mkubwa nchini Marekani mwaka 1976 kwamba hupunguza sana hatari ya upofu. Leo mwenye kisukari hushauriwa kupimwa ndani ya macho kila mwaka, kwa kutiwa dawa inayopanua mboni, hata kama anasoma maandishi madogo bila ya miwani. Wengi wetu huishia kupima sukari kidoleni tu. Kama kuna mzee nyumbani mwenye kisukari, muulize ni lini mara ya mwisho daktari alimtazama ndani ya macho.

Turudi Houston. Mwanariadha wa Olimpiki sasa hakuweza kuuona ubao wa kuandikia. Kwa mwanafizikia hilo si jambo dogo, kwani kazi yake ni milinganyo, michoro na vipimo. Wengi wangemwona ana udhuru wa kutosha wa kupumzika, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliendelea kuiongoza kampuni yake na kubuni. Katika miaka ya 1990, akiwa kipofu, alipewa hataza za kupoza vifaa vya kielektroniki vinavyopata joto vikiwa ndani ya makabati yao, na ya mtambo mdogo wa kusafisha hewa. Mtu huyo alikuwa akichora kichwani mwake njia ya hewa inayopita kati ya vyuma ambavyo hakuweza kuviona.

Mwaka 1991 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Chuo cha Taifa cha Uhandisi cha Marekani, na hiyo ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa anazoweza kupewa mhandisi wa nchi hiyo na wenzake wa fani. Alifariki Houston tarehe 20 Novemba 1998, akiwa na umri wa miaka 69.

Kabla ya kupeleka makala haya mtamboni tulimwita yule mzazi na mwanawe, tukawasomea. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na tulipofika kwenye kisukari alituuliza jina la kliniki ya macho, kwa sababu ya mama yake. Kuhusu daftari jeupe hakusema neno. Kijana yeye alitaka kujua jambo moja tu: mita 7.53 ni umbali gani hasa. Tukaazima utepe wa fundi seremala wa jirani na kuanza kupima kwenye ukumbi wa ofisi, kuanzia mlangoni. Ukumbi ukaisha, bado mita moja na kitu. Akauchukua utepe, akatoka nao nje kumalizia uani.